Mto Mmoja, Idara Nyingi: Mwongozo kwa Wahadhiri Wanaotafiti na Kufundisha Uendelevu

Mwongozo huu ni kwa wahadhiri, watafiti na wasimamizi wa wanafunzi wa shahada za juu walioombwa, au waliojitolea, kuanzisha kazi ya taaluma mtambuka kuhusu uendelevu. Umuhimu wa kazi hiyo umeelezwa vya kutosha tangu Tume ya Brundtland ilipotoa ripoti yake mwaka 1987, na hautarudiwa hapa. Kinachoshughulikiwa ni yale yanayofuata baada ya kikao cha kwanza, pale mtaalamu wa maji, mwanasheria, mchumi na mwanasosholojia wanapotakiwa kutoa kazi moja inayosomeka kama kazi moja.

Mfano unaotumika ni bonde la chini la Mto Rufiji, mkoani Pwani. Eneo hilo limetafitiwa na idara nyingi kwa zaidi ya nusu karne, kila moja na daftari lake, na wakazi wake wamewahi kulipa gharama ya uamuzi uliotazama upande mmoja. Msomaji aliyeko Kisumu, Bukavu au Mwanza aweke mto au ziwa lake. Utaratibu haubadiliki sana.

Anzeni na mahali

Timu nyingi huundwa kwa kupitia orodha ya idara: huyu atoke uhandisi, yule sheria, mwingine sosholojia, ili andiko la mradi limpendeze mfadhili. Swali hutafutwa baadaye, na likipatikana huwa pana kiasi kwamba kila mtu anaenea ndani yake na hakuna anayebanwa nalo. Mwisho wake ni ripoti ya sura sita, kila sura na mwandishi wake, na utangulizi ulioandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Ni afadhali kuchagua mahali na tukio, kisha kuuliza ni nani anahitajika. Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la takribani kilomita za mraba 177,000, kupitia Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Kwa vizazi vingi, masika yakikolea, mto huo ulifurika katika uwanda wake wa chini kabla ya kumwaga maji baharini mkabala na Mafia. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, iliyowatoa watu bondeni na kuwaweka katika vijiji vipya kwenye ardhi ya juu. Kwa aliyeyatazama mafuriko kama maafa tu, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Lakini maji yaleyale ndiyo yaliyorutubisha udongo, yakajaza maziwa ya uwandani kama Ruwe na Zumbi ambako watu huvua, na kuacha unyevu wa kupandia mlau, yaani mazao yanayopandwa maji yakishuka na kukomaa wakati wa kiangazi. Waliohamishwa walijikuta wanakaa mbali na mashamba yao, na wengi waliendelea kushuka bondeni kulima.

Kjell Havnevik, aliyeitafiti Rufiji kwa miaka mingi, aliandika juu ya mkasa huo kwa kina katika kitabu chake cha 1993. Mwaka 2007 Stéphanie Duvail, mwanajiografia, na Olivier Hamerlynck, mwanaikolojia, walichapisha makala ambayo kichwa chake kinauliza kama mafuriko ya Rufiji ni baa au ni baraka. Swali kama hilo lisingeulizwa na mtu anayepima kina cha maji peke yake, wala na anayehesabu magunia peke yake. Lilihitaji vipimo vya mto na kauli za wakulima na wavuvi viwekwe kwenye meza moja.

Hali ya sasa inadai hivyo zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na kuzalisha umeme mwaka 2024. Mwezi Aprili mwaka huohuo mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, na mjadala ukawaka kuhusu uhusiano wa maji hayo na bwawa. Timu ya chuo kikuu inaweza kuliandika swali lake hivi: mwenendo wa maji ukibadilika katika uwanda wa chini wa Rufiji, nani anapata nini na nani anapoteza nini, katika mwezi upi, na nani ana mamlaka ya kisheria ya kurekebisha? Mhandisi anayajua maji yanayopita kwenye mitambo, lakini thamani ya mlau haiko kwenye vitabu vyake. Mchumi anaweza kuikadiria thamani hiyo, ila hajui ni kina gani cha maji kinachoitengeneza. Mwanasheria ndiye atakayesema kama kuna mtu wa kupelekewa majibu.

Mkishaandika swali, lipimeni. Futeni jina la mwanatimu mmoja mmoja na kuuliza kama swali bado linajibika. Likijibika bila yeye, ashukuriwe na aachwe aendelee na kazi zake. Heshima hiyo ya mapema ni bora kuliko kumbeba miaka mitatu na kumpa sura asiyokuwa na la kusema ndani yake. Na kama idara moja inaweza kulijibu swali lote, ipewe idara hiyo. Si kila tatizo la mazingira linahitaji timu.

Karatasi ya msimu

Chombo cha kwanza cha pamoja ninachokipendekeza ni cha bei ndogo: karatasi ya bango iliyobandikwa ukutani. Juu yake pangeni miezi kumi na miwili kuanzia Oktoba, vuli inapotarajiwa. Pembeni andikeni mistari: kina cha maji, kilimo, uvuvi, fedha za kaya, maradhi, na mwisho mamlaka. Kila mtaalamu ajaze mstari wake mbele ya wenzake, akieleza kwa sauti anachokijua na anachokikisia.

Kwa Rufiji, mtaalamu wa maji atachora mstari unaopanda mvua zikianza, ukafika kileleni karibu na Aprili na kushuka kuelekea Juni. Mtaalamu wa kilimo ataweka mpunga wa masika chini ya mwinuko huo na mlau chini ya mteremko. Mwanasosholojia ataonyesha miezi ambayo watu wanakaa kwenye dungu shambani wakilinda mazao, nyumba ya kijijini ikiwa na wazee na watoto wa shule pekee. Hapo mtu wa afya atauliza, bila kuombwa, nani analala bila chandarua katika miezi hiyo. Na mstari wa mamlaka ukibaki mtupu, wote watamgeukia mwanasheria: nani huamua maji yaachiliwe lini na kwa kiasi gani? Atalazimika kuifungua Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, aeleze kazi ya bodi ya bonde, na kusema wazi ni wapi sheria imenyamaza.

Karatasi hiyo itafichua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloangusha miradi mingi kuliko ugomvi wa nadharia: takwimu zisizoungana. Kina cha maji hupimwa kila siku. Hojaji ya kaya inauliza, "Mwaka jana ulivuna magunia mangapi?" Mwaka upi, ikiwa mkulima amevuna mpunga wa masika na mlau katika miezi kumi na miwili ileile, kila zao na maji yake? Jibu litaandikwa, litaingizwa kwenye kompyuta, na halitaweza kuunganishwa na kipimo hata kimoja cha mto. Hojaji sahihi inauliza zao kwa zao, na inamwomba mkulima aseme maji yalifika wapi shambani mwake: kwenye mti, kwenye tuta, kwenye nguzo ya dungu. Alama hiyo hupimwa kwa futi ya chuma, na tangu hapo maelezo ya mkulima na daftari la mhandisi yana kipimo kimoja.

Kosa la pili la aina hiyo ni la mahali. Mtaalamu wa udongo huchimba mashimo yake kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo wa mto hadi ardhi ya juu, kama alivyofundishwa. Mwanasosholojia huchagua kaya kwa bahati nasibu kutoka rejista ya kijiji, kama naye alivyofundishwa. Wote wamefuata kanuni, na hakuna shimo hata moja lililoangukia katika shamba la kaya iliyohojiwa. Tiba ni kupanga kwa zamu: kaya zichaguliwe kwanza, wenye kaya waonyeshe mashamba yao, na mashimo yachimbwe humo kwa ridhaa yao. Mtaalamu wa udongo atapoteza unyoofu wa mstari wake. Atafidiwa kwa kujua historia ya kila shimo: limelimwa miaka mingapi, lilifurika lini mara ya mwisho, na kwa nini mwenyewe aliliacha.

Hojaji iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na isomwe na mtu wa bondeni kabla ya kuchapwa.

Milango ya kubisha

Takwimu za Rufiji hazikai pamoja. Za mto ziko Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Za mvua ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, samaki wanatafitiwa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na upande wa bahari kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995. Kila mlango una barua yake na muda wake wa kusubiri. Mtu mmoja kwenye timu apewe kazi hii rasmi, na iandikwe kwenye bajeti. Ikiachwa kwa mwanafunzi wa uzamili, muhula wake utakwisha akiwa bado anasubiri kusainiwa barua.

Kibali cha utafiti ni cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ulizeni ofisi ya utafiti ya chuo chenu ni vibali gani inaweza kuvitoa yenyewe kwa wanataaluma na wanafunzi wake. Utafiti ukigusa afya ya watu, maadili yake hupitiwa katika mfumo unaosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na maombi yaende mapema kwa sababu maswali ya kamati huwa ya msingi. Baada ya hapo barua hushuka: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Kumbukeni kwamba delta yenyewe sasa iko Wilaya ya Kibiti, wakati mji wa Utete na maziwa mengi ya uwandani yako Wilaya ya Rufiji. Timu inayofuata maji hadi baharini itafika Mafia pia. Kijijini, mwenyekiti na mtendaji waelezwe kazi kabla gari halijapakia vifaa, na kama wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanataka kuuliza maswali, muda huo ni wao.

Katika hatua hii kuna hatari ambayo huzaliwa na kazi ya fani nyingi, na inastahili uangalifu kuliko yote yaliyotangulia. Mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo ndiyo misitu mikubwa zaidi ya mikoko katika pwani ya Tanzania, ni hifadhi ya serikali. Ndani yake kuna watu wanaoishi, wanaovua, na wanaolima mpunga katika sehemu zinazofikiwa na maji baridi, mahali palipokuwa na mikoko ya aina ya mchu au mkomafi. Mwanaikolojia akipima kwa picha za satelaiti eneo lililofyekwa, hajamtaja mtu. Mwanasosholojia akiandika kwamba kaya fulani inalima mpunga ekari mbili, hajataja mahali. Wakiunganisha majedwali yao, kama tulivyowaagiza hapo juu, wametengeneza ushahidi dhidi ya mtu aliyewakaribisha kwenye mkeka wake.

Kwa hiyo viwianishi vya kaya na viwianishi vya mashamba vihifadhiwe mbali na majina, kwenye mafaili mawili yanayounganishwa kwa namba tu, na ufunguo wa namba hizo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana. Ramani zinazochapishwa zionyeshe kitongoji, zisionyeshe shamba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana watafiti kama inavyowabana wengine. Lakini hata isingekuwepo, mhadhiri hana haki ya kumtia hatarini aliyemjibu kwa nia njema. Kabla ya kwenda uwandani fanyeni kikao kimoja chenye ajenda hii pekee: nini kitajulikana tukiunganisha takwimu zetu, ambacho hakuna mmoja wetu angeweza kukijua peke yake? Kamati za maadili hupitia maandiko mojamoja na mara nyingi haziulizi swali hili. Liulizeni wenyewe.

Fedha na majina

Andikeni mapema, kabla ya fedha kuingia, nani anaongoza makala ipi na ni mchango gani unaompa mtu nafasi ya uandishi. Aliyesimamia vipimo vya mto miaka miwili amestahili. Aliyetia saini fomu ya safari hajastahili. Viwango vya posho viwe sawa kwa kazi iliyo sawa, awe ni mhandisi au mtu wa fasihi. Wasaidizi wa utafiti walioko vijijini walipwe kwa wakati. Wengine wanalipa ada za shule kwa fedha hizo.

Kuhusu kupanda cheo, wahadhiri vijana wana haki ya kuambiwa ukweli. Kamati nyingi za uteuzi bado zimekaa kiidara, na makala yenye majina saba iliyotoka kwenye jarida la fani nyingine inaweza isipewe uzito unaostahili. Mkuu wa mradi amwandikie amidi wa kila mwanatimu barua inayoeleza mchango wa mwanatimu huyo, mwaka kwa mwaka, bila kungoja siku ya tathmini. Na mhadhiri kijana ahakikishe anapata angalau makala moja inayotambulika na idara yake. Huko si kuisaliti timu. Asipothibitishwa kazini, timu yenyewe itampoteza.

Darasani

Kozi ya uendelevu inayofundishwa kwa kupokezana, wiki hii mtu wa sheria, wiki ijayo mtu wa misitu, humwachia mwanafunzi kazi ya kuunganisha, kazi ambayo walimu wake wameishindwa. Ikiwa hamna uwezo wa kuingia darasani wawili kwa wakati mmoja, basi walau vipindi vinne katika muhula viwe vya pamoja. Katika vipindi hivyo walimu waulizane maswali mbele ya wanafunzi na wakubali kutokubaliana. Mwanafunzi akimwona profesa wa uchumi anamwomba mwenzake wa ikolojia amweleze upya, amejifunza jambo ambalo halimo kwenye mtaala.

Ziara ya uwandani ihesabiwe kama kujifunza, isiwe nyongeza ya hiari. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ina saa 120, na siku sita za Rufiji zenye kazi ya saa nane zinachukua 48 kati ya hizo. Zikiandikwa hivyo katika maelezo ya kozi yanayopelekwa Seneti, ni rahisi zaidi kuzitetea wakati wa bajeti. Vikundi viwe vya wanafunzi wanne au watano kutoka programu tofauti, na uwandani wabadilishane kazi. Wa sheria ashike futi ya chuma ndani ya maji. Wa uhandisi akae kwenye mkutano wa kijiji, aandike muhtasari, na ajifunze kwa nini mama aliyeketi nyuma hakusema kitu hadi mwenyekiti alipotoka nje kupokea simu.

Alama zigawanywe kati ya kazi ya kikundi na kazi ya mtu binafsi. Ile ya mtu binafsi isiwe ya fani yake: mwanafunzi wa uchumi aeleze kwa maneno yake mchoro wa maji uliochorwa na mwenzake, na wa haidrolojia aeleze kifungu cha sheria kinachouhusu mchoro huo. Hapo ndipo mwalimu anapojua kama kikundi kimezungumza au kimegawana kurasa.

Kwa uzamili na uzamivu, wasimamizi wawe wawili wa idara tofauti, na wakutane na mwanafunzi kwa pamoja. Mwanafunzi anayekwenda ofisi mbili kwa siku mbili hurudi na maagizo mawili yanayopingana, na hana cheo cha kuyasuluhisha. Mtahini wa nje apendekezwe mapema, awe amewahi kuandika pamoja na watu wa fani nyingine. Tasnifu nzuri zimeumia mikononi mwa mtahini aliyetafuta sura ya nadharia ya aina aliyoizoea na asiione.

Mrejesho

Mrejesho upangwe kwa kalenda ya bonde, usipangwe kwa mwaka wa fedha wa mfadhili. Timu inayorudi Aprili itakuta watu mashambani na barabara zimekatika. Ikirudi maji yanaposhuka, kabla mbegu za mlau hazijaingia ardhini, majibu yake yanaweza kusaidia uamuzi wa msimu huohuo. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili au tatu, yakiwa na ramani ya kijiji na karatasi ya msimu iliyosahihishwa. Yasomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, na wakipinga, pingamizi liingizwe katika ripoti kwa kauli yao. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine iende halmashauri ya wilaya, na nyingine bodi ya bonde Iringa. Takwimu zilizosafishwa ziwekwe maktaba ya chuo zikiwa na maelezo ya kila safu, ili timu itakayokuja baada ya miaka kumi isiwaulize watu wale maswali yaleyale. Gharama za safari ya mrejesho ziingizwe kwenye bajeti tangu siku andiko linapoandikwa, na mfadhili akitaka kupunguza fedha, safari hiyo isiguswe.